Domeini umeinunua, tovuti haifunguki: tatizo liko wapi?

Simu za aina hii nazipokea kila wiki, nyingi kutoka Busia na Malaba, ambako wateja wangu wengi wanafanya biashara ya mpakani na Kiswahili ndicho lugha ya duka. Ya mwisho ilikuwa ya mama mmoja anayeuza vitenge.

"Fundi, nimelipa tangu Jumatatu. Nikiandika jina la duka langu kwenye simu, inaniambia halipo. Pesa yangu imeliwa?"

"Hapana mama, haijaliwa. Jina ni lako tayari. Ila bado halijaambiwa linaishi wapi."

Kununua domeini ni kuandikisha jina kwenye daftari, basi. Tovuti yenyewe inakaa kwenye seva, yaani hostingi. Barua pepe inaweza kukaa mahali pengine kabisa. Katikati yao kuna DNS, mfumo unaoiambia kila simu na kila kompyuta: ukisikia jina hili, nenda kwenye anwani hii. Daftari, DNS, seva, barua. Tatizo lolote utakalokutana nalo baada ya kununua liko katika mojawapo ya hayo manne, na watu huharibu zaidi kwa sababu wanaanza kubadilisha mipangilio kabla ya kujua ni lipi.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja kabla hatujaendelea: usiguse kitu mpaka umetazama. Ingia kwenye akaunti yako ya msajili, yaani kampuni iliyokuuzia jina, fungua ukurasa wa DNS, upige picha ya skrini ya rekodi zote (mistari inayosema jina linaelekea wapi) kama zilivyo leo. Picha hiyo imeniokoa mara nyingi kuliko programu yoyote niliyowahi kuitumia.

Umelipa, lakini jina halionekani popote

Usilitafute Google. Litafute kwenye daftari lenyewe. Kwa .com, .net na .org fungua lookup.icann.org, kwa .ug tumia ukurasa wa whois, yaani wa kutafuta majina, wa rejista ya .ug. Jina likitokea pamoja na tarehe ya kuandikishwa na tarehe ya kuisha, limesajiliwa, na shida yako iko mbele zaidi katika makala hii.

Lisipotokea, kwetu sababu ya kwanza huwa ni malipo. Mtu ametuma kwa MoMo au Airtel Money, pesa imeingia kwenye akaunti yake kwa msajili kama salio, lakini ankara yenyewe imebaki haijalipwa. Ingia, fungua ankara, lipa kwa hilo salio. Kama ulikosea namba ya ankara wakati wa kutuma, mpelekee msajili ujumbe wa muamala wenye namba ya kumbukumbu. Fanya hivyo siku hiyo hiyo, kwa maana jina ambalo halijaandikishwa ni la yeyote atakayewahi.

Sababu nyingine ni mwisho wa jina. Duka au mtu binafsi anaweza kuchukua .ug au .co.ug bila shida, lakini .go.ug imetengwa kwa serikali, .ac.ug kwa vyuo na .sc.ug kwa shule. Na kusajili jina la biashara URSB, ofisi ya Uganda ya kusajili biashara, hakukuhifadhii domeini, wala kununua domeini hakukupi haki ya jina la biashara. Ni madaftari mawili yasiyosomana.

Ilifunguka vizuri, baada ya wiki mbili ikapotea

Hesabu siku. Kama ni .com au mojawapo ya ndugu zake, na imepotea siku ya 15 au 16 tangu ununue, karibu nina hakika ni uthibitisho wa barua pepe. Kanuni za ICANN, shirika linaloratibu majina ya domeini duniani, zinamtaka msajili ahakikishe mawasiliano ya mwenye jina ndani ya siku 15. Usipobonyeza kiungo walichokutumia, jina linasimamishwa. Kwenye lookup utaona hali inaitwa clientHold. Jina bado ni lako, ila limetolewa kwenye DNS, kwa hiyo tovuti na barua pepe vinazimika pamoja.

Tafuta ule ujumbe kwenye barua taka. Usipoupata, ingia kwa msajili uombe utumwe tena, ubonyeze, usubiri saa chache. Na ikiwa anwani uliyoandikisha ni info@ ya domeini ile ile iliyosimamishwa, ujumbe hauwezi kukufikia kamwe. Badilisha kwanza iwe Gmail au nyingine inayofanya kazi. Hili nimeliona mara tatu mwaka huu.

Brauza inasema jina halipo, au inazunguka tu

Soma kosa lililoandikwa, herufi kwa herufi. Watu huniambia "haifunguki" kana kwamba kutofunguka ni kwa aina moja.

NXDOMAIN maana yake DNS imejibu kwamba jina hilo halina rekodi. Seva yako haijaguswa hata kidogo. Tazama seva za majina, zile zinazoshika rekodi zako za DNS, zilizoandikwa kwa msajili. Zinapaswa kuwa zile ulizopewa na mwenye hostingi, kwa kawaida mbili au zaidi, zinazoanza na ns1 na ns2. Yule mama wa vitenge alikuwa ametumiwa zake kwa picha ya WhatsApp, akazinakili kwa mkono. Badala ya ns1 yenye tarakimu moja akaandika nsl yenye herufi l. Kwenye skrini ya simu huwezi kuvitofautisha. Tulinakili upya kutoka kwenye ujumbe wa maandishi, na kabla ya saa mbili usiku duka likafunguka.

Kosa la pili la kunakili ni hili: unaongeza rekodi, kwenye sehemu ya jina unaandika jina zima, jinalako.co.ug, na paneli nayo inalibandika tena mwishoni. Unapata jinalako.co.ug.jinalako.co.ug, ambayo hakuna atakayeitafuta. Paneli nyingi zinataka uandike @ kwa jina tupu, au www peke yake.

SERVFAIL ni ugonjwa mwingine. Mara nyingi maana yake uliwasha DNSSEC, ulinzi unaotia muhuri majibu ya DNS, mahali fulani, kisha ukahamia seva nyingine za majina bila kuondoa rekodi ya DS kwa msajili. Rekodi hiyo ni kama muhuri wa ofisi ya zamani kwenye barua ya ofisi mpya: wanaokagua mihuri wanaikataa. Ndiyo maana wenye kutumia seva za DNS za umma, 8.8.8.8 ya Google au 1.1.1.1 ya Cloudflare, hawafunguliwi, huku mitandao isiyokagua ikifungua kama kawaida. Ondoa DS ya zamani kwa msajili, subiri, kisha kama unaitaka DNSSEC uiwashe upya kutoka kwa mwenyeji mpya.

Ikiwa brauza inazunguka mpaka inachoka na kusema muda umekwisha, DNS imefanya kazi yake: imekupa anwani, lakini hakuna anayejibu kwenye anwani hiyo. Ama rekodi A ina namba za IP za seva ambayo haipo tena, ama seva yenyewe imelala. Hapo mpigie mwenye hostingi, si msajili.

Na ukiona ukurasa wa matangazo, au "karibu, domeini hii imeegeshwa", hakuna kilichoharibika. Jina bado linatazama seva za majina za msajili. Weka zile za hostingi.

Ukiwa na kompyuta, amri mbili zinatosha kukuonyesha ukweli bila kubahatisha:

nslookup -type=ns jinalako.co.ug 8.8.8.8
nslookup jinalako.co.ug 8.8.8.8

Ya kwanza inakuonyesha jina limekabidhiwa kwa nani, ya pili linaelekea IP ipi. Linganisha IP hiyo na ile iliyo kwenye barua ya hostingi uliyopokea siku uliyolipa.

Mimi naiona, wateja hawaioni

Watu wa hapa wana laini mbili kwenye simu moja, na hicho ni kipimo kizuri kuliko unavyodhani. Zima Wi-Fi, fungua tovuti kwa data ya MTN. Badilisha, fungua kwa data ya Airtel. Kila mtandao una seva zake za kutafsiri majina na kila moja ina kumbukumbu yake. Laini moja ikikuonyesha tovuti mpya na nyingine ya zamani, hakuna kilichoharibika. Kumbukumbu ya zamani bado haijaisha muda.

Halafu zima VPN. Tangu Facebook ilipofungwa nchini Januari 2021, simu nyingi za wateja wangu zina VPN inayofanya kazi saa zote, na mwenye simu ameshasahau kwamba ipo. VPN inatumia DNS yake. Mtu ananiapia kwamba yuko Jinja kwenye Airtel, kumbe simu yake inauliza majina Uholanzi.

Utasikia watu wakisema "subiri saa 24 hadi 48 isambae". Silipendi neno hilo, kwa sababu hakuna kinachosambaa. Kila rekodi ina muda wake wa kukumbukwa, TTL, unaohesabiwa kwa sekunde: 3600 ni saa moja, 86400 ni siku nzima. Seva za majina za .com zimewekewa 172800, yaani siku mbili, na hapo ndipo zile saa 48 zilipotoka. Aliyeuliza jina dakika tano kabla hujabadilisha atabaki na jibu la zamani mpaka muda wake uishe. Kwa hiyo kama unajua utahama wiki ijayo, shusha TTL ya rekodi zako iwe 300 leo, uhame baadaye, kisha uipandishe tena.

Hata jibu la "halipo" hukumbukwa. Ukishinda unaandika jina kwenye simu kabla halijasajiliwa, unaifundisha simu na mtandao kwamba halipo.

Siku mbili zikipita na baadhi ya watu bado wanaona tovuti ya zamani, acha kusubiri. Tafuta rekodi AAAA, ile ya IPv6, aina mpya ya namba za IP. Umebadilisha A ukaisahau AAAA, na simu zenye IPv6 zinakwenda kwenye nyumba ya zamani.

Yenye www inafunguka, isiyo na www haifunguki

Kwa DNS hayo ni majina mawili. Weka A kwenye @, na kwenye www weka CNAME, rekodi inayosema "jina hili lifuate lile", inayoelekea jina tupu. Usijaribu kuweka CNAME kwenye @. Sheria ya DNS haikubali ikae pamoja na rekodi nyingine, na jina tupu lazima liwe na nyingine. Kisha kwenye hostingi uchague jina moja liwe kuu, lingine lielekezwe kwake.

"Si salama"

Mteja wa kwanza akiona neno hilo anaondoka, na ana haki. Maana yake tovuti haina cheti, kile kinachoifanya ifunguke kwa https. Cheti cha bure cha Let's Encrypt kinatosha kabisa kwa duka, shule au kanisa. Kinadumu siku 90 na hostingi nzuri inakihuisha yenyewe. Kisipotoka, mara nyingi ni kwa sababu umekiomba kabla DNS haijaelekea kwenye seva. Usibonyeze tena na tena kwa hasira. Majaribio matano yaliyoshindwa kwa jina moja ndani ya saa moja yanakufungia mlango kwa muda. Sawazisha DNS kwanza, hakikisha kwa nslookup, ndipo uombe mara moja.

Cheti kipo, lakini onyo bado lipo? Picha fulani kwenye ukurasa bado inaitwa kwa http. Brauza inasema imeelekezwa mara nyingi mno? Kama tovuti yako inapita Cloudflare, huduma inayokaa mbele ya seva yako, ondoa ile hali ya Flexible, weka Full (strict). Onyo linatokea kwenye simu moja tu? Tazama tarehe ya simu hiyo. Betri ikiisha kabisa, simu nyingine hurudi miaka ya nyuma, na kwake cheti chako bado hakijazaliwa. Pia simu za Android za zamani kuliko 7.1.1 hazivikubali vyeti vya Let's Encrypt tangu mwisho wa Septemba 2024. Zamani nilikuwa namwambia mwenye simu hiyo atumie Firefox, ambayo ina orodha yake ya kuaminiana, lakini matoleo yake mapya hayaingii tena kwenye simu hizo.

Barua pepe hazifiki

Hapa naomba utulie, maana hapa ndipo pesa hupotea kimya kimya. Tovuti ikizimika, utaambiwa kabla ya chakula cha mchana. Barua zisipofika hakuna atakayekuambia, kwa sababu wa kukuambia anatumia barua hizo hizo.

Kisa cha kawaida kabisa: kampuni ina barua zake kwa Google au Microsoft, inanunua hostingi mpya, fundi anabadilisha seva za majina ili tovuti ihamie. Tovuti inahamia. Rekodi za MX, zinazosema barua zipelekwe wapi, zimebaki kwenye DNS ya zamani, na ile mpya haizijui. Ukihamisha seva za majina umehamisha kila kitu, si tovuti peke yake. Ile picha ya skrini uliyopiga mwanzoni ndiyo itakayokuonyesha MX na TXT (rekodi za maandishi) za kuziandika upya.

Kisa cha pili ni cha kificho zaidi. Barua kutoka nje zinafika, ila za fomu ya "wasiliana nasi" ya tovuti yako mwenyewe hazifiki. Seva ya hostingi inaamini kwamba yenyewe ndiyo posta ya domeini hiyo, kwa hiyo haiulizi MX. Inaziweka kwenye sanduku lililo ndani yake, ambalo hakuna anayelifungua. Kwenye cPanel, paneli ya hostingi nyingi, tafuta Email Routing, uchague Remote Mail Exchanger. Meneja mmoja wa hoteli hapa alikuta maombi ya vyumba ya miezi minne kwenye sanduku hilo. Tulikaa wawili tukiyasoma. Yupo aliyeandika mara tatu, akiuliza kama chumba cha harusi ya dada yake kipo, na mara ya tatu alikuwa ameacha hata kusalimu.

Unazotuma zinaangukia kwenye barua taka? Angalia TXT. SPF inataja nani anaruhusiwa kutuma kwa jina lako, na lazima iwe moja tu. Ukiwa na mstari wa Google na mwingine wa hostingi, zote mbili zinabatilika. Ziunganishe ndani ya mstari mmoja, na usivuke maulizo 10 ya DNS. DKIM ni saini inayothibitisha kwamba barua imetoka kwako. DMARC inawaambia wapokeaji wafanye nini barua isipopita. Tangu Februari 2024 Gmail inamtaka kila mtumaji awe na SPF au DKIM angalau, na anayetuma 5,000 kwa siku au zaidi awe na zote tatu. Usiiwekee DMARC p=reject (zikataliwe) siku ya kwanza. Anza na p=none (zisizuiwe), usome ripoti wiki mbili tatu; pengine utagundua kwamba programu ya ankara ya mhasibu nayo inatuma kwa jina lako na hukuiorodhesha.

Google hainionyeshi

Kwa domeini mpya, wiki kadhaa za ukimya ni kawaida. Thibitisha jina kwenye Search Console ya Google kwa rekodi ya TXT, wasilisha ramani ya tovuti (sitemap), na kwenye WordPress hakikisha ile alama ya kuzuia injini za utafutaji imeondolewa. Fundi huiweka wakati wa kujenga, akasahau.

Barua za kutisha

Ndani ya siku chache utapata ujumbe kwamba domeini yako "inaisha", au kwamba kampuni ya mbali inataka kusajili jina lako na wewe ulipe kwanza uzuie. Usibonyeze. Tarehe ya kuisha iko kwenye daftari, itazame huko. Deni lako la kuhuisha unalo kwa msajili mmoja tu, yule uliyemlipa.

Jina liko mikononi mwa fundi

Nimeliacha mwisho, ingawa kwa uzito ningelianza nalo. Shule moja iliniita kwa sababu tovuti ilikuwa imekwisha muda. Mwalimu mkuu alikuwa na risiti zote, zimepangwa kwenye faili. Lakini akaunti ilikuwa kwa Gmail ya kijana aliyewajengea, na kijana alikuwa amekwenda Dubai kufanya kazi. Hakuwa mwizi. Aliona ni rahisi tu kutumia anwani yake. Tulimpata baada ya siku tisa, na wazazi siku zote hizo walikuwa wakiandika kwenye anwani iliyokufa kuuliza karo.

Fungua lookup leo. Kwa .com huenda jina la mwenye domeini limefichwa kwa faragha, hilo si kosa. Kipimo chako ni kuingia. Je, unaweza wewe, bila kumwomba mtu, kuingia kwenye akaunti ya msajili kwa barua pepe yako na namba yako ya simu? Kama huwezi, mwombe fundi mambo mawili wakati bado mnaelewana: abadilishe mwenye jina liwe jina la biashara yako, na aihamishie domeini kwenye akaunti yako kwa msajili huyo huyo. Kuhamia kwa msajili mwingine kunahitaji kufungua kufuli na kupata msimbo wa uhamisho, na kwa .com mara nyingi hakuruhusiwi ndani ya siku 60 za mwanzo. Hostingi na paneli aendelee kuvishika yeye kama mnataka. Daftari lishike wewe, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili.

Muda ukikupita, .com ina kipindi cha msajili ambacho hutofautiana, hadi siku 45, unapoweza kuhuisha kwa bei ya kawaida au karibu nayo. Kisha zinakuja siku 30 za kukomboa, kwa ada inayouma. Kisha siku 5 ambazo hakuna mtu anayeweza kufanya lolote, na jina linarudi sokoni. Kwa .ug muulize msajili wako ratiba yake kwa maandishi, siku ile ile unayonunua. Tarehe ya kuisha iandike kwenye kalenda za simu mbili, yako na ya mhasibu, ikumbushe siku 60 kabla.